Usukani Hauna Unyeti

Kuna orodha ya istilahi inayozungushwa miongoni mwetu wapenzi wa lugha, iliyokusudiwa kuwasaidia wanaojitolea kutafsiri michezo ya video kwa Kiswahili. Nia yake sina ugomvi nayo. Anayetaka kijana wa Tandale au wa Kisauni afungue mchezo wa mbio za pikipiki akutane na lugha yake kwenye kiwambo, huyo ni ndugu yangu. Ugomvi wangu uko katika ukurasa mmoja tu, ule wa mipangilio ya usukani, ambamo nimekuta "unyeti wa usukani", "eneo mfu" na "ulinganyooko wa mwitikio". Nasema waziwazi: maneno haya hayafai, na ubaya wake hauishii masikioni. Yanamharibia mchezaji mkono. Tena nasema sasa, kwa sababu tafsiri ikishaingia ndani ya mchezo na watu wakaizoea, kuing'oa ni kazi kubwa kuliko kuipanda.

Wengi wenu mmezoea kalamu kuliko padi, kwa hiyo nieleze kwanza jambo lenyewe. Padi ya kuchezea ina vijiti viwili vifupi vinavyoendeshwa kwa vidole gumba. Katika mbio za pikipiki, kijiti cha kushoto ndicho kwa kawaida kinachopeleka pikipiki kushoto na kulia. Chini ya kijiti, katika padi nyingi, mna vipimo vidogo vya umeme vinavyosuguana kila kijiti kinaposogea, navyo huuambia mchezo kijiti kimesogea kiasi gani. Kidole kikiachilia, springi hukirudisha kijiti katikati. Lakini katikati kamili hakifiki. Hubaki kimepinda unywele mmoja huku au kule, na kadiri vipimo vile vinavyolika ndivyo upotofu unavyozidi. Katika kibanda cha kukodisha PlayStation, ambako padi moja hushikwa na mikono mingi tangu asubuhi hadi usiku, kijiti kinaweza kusema "kulia" ilhali hakuna aliyekigusa.

Ndiyo maana watengenezaji wa michezo huweka mipangilio. Wa kwanza humwezesha mchezaji kuuambia mchezo: msogeo mdogo wa hapa katikati usiuhesabu. Wa pili: kidole changu kikisogea kiasi hiki, pikipiki iitikie kiasi gani. Wa tatu: mwitikio huo ukue namna gani, uwe sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho, au uanze polepole kisha uje kwa nguvu kijiti kinapokaribia ukingo. Haya si mambo ya anasa. Mchezo wa TT Isle of Man: Ride on the Edge, uliotoka mwaka 2018, humpitisha mchezaji katika njia ileile ya mbio za kweli za Kisiwa cha Man: zaidi ya kilomita 60 kwa mzunguko mmoja, katika barabara za umma ambazo siku nyingine hupitwa na magari ya kawaida, kati ya kuta za mawe, nyumba na nguzo. Mbio za kisiwa hicho zilianza mwaka 1907, na njia ya mlimani ikaanza kutumika mwaka 1911. Mahali kama hapo kosa la upana wa kiganja ni ukuta. Asiyejua kuurekebisha usukani wake atauona ukuta huo mara nyingi kuliko atakavyouona mstari wa mwisho.

Tena pikipiki si gari. Gari hupinda kwa kugeuza magurudumu. Pikipiki hupinda kwa kulala. Dereva wa bodaboda analijua hili kwa kiuno chake hata kama hajawahi kulitamka: ukiwa kasini, kona haikatwi kwa kuuzungusha usukani bali kwa kuilaza pikipiki upande wa kona. Waendeshaji wa MotoGP huilaza kupita nyuzi 60 kutoka wima, kiwiko kikagusa lami. Na ili ilale kushoto, mkono husukuma mpini wa kushoto mbele, gurudumu la mbele likageuka kulia kwa kitambo kidogo, pikipiki ikaanza kuangukia kushoto, ndipo kona ikaingia. Kwenda kushoto huanza kwa kwenda kulia. Wilbur Wright, yule wa ndege, ambaye pamoja na nduguye Orville aliunda na kuuza baiskeli huko Dayton, Ohio, aliwauliza waendesha baiskeli wengi wanapindaje kushoto, asipate aliyeeleza sawasawa jambo ambalo mikono yao ililifanya kila siku.

Kwa hiyo katika michezo mingi ya pikipiki kijiti si usukani hasa. Kijiti hupokea matakwa: nataka kulala kushoto, kiasi hiki. Kazi ya kusukuma mpini kinyume hufanywa na mchezo wenyewe, nyuma ya pazia. Na kulala huchukua muda, maana pikipiki iliyolala kushoto haiwezi kulala kulia bila kwanza kusimama wima. Mchezaji anafika kwenye kona mbili zilizofuatana, moja ya kushoto na ya pili ya kulia, anakisukuma kijiti upande wa pili, na kwa kitambo anaona kama kwamba hakuna kilichotendeka. Analalamika.

Hapo ndipo ninapowaomba mtege sikio, kwa sababu malalamiko hayo yanaweza kuwa na sura mbili, na Kiswahili cha kila siku kinazitenga barabara. Anaweza kusema, "Pikipiki hii haisikii." Anaweza kusema, "Pikipiki hii nzito." Isiyosikia haikupata habari ya kidole, au imeipata kidogo mno, hiyo dawa yake ni kuongeza mpangilio ule wa pili. Iliyo nzito imesikia tangu mwanzo, ila mwili wake hauwahi. Hiyo dawa yake ni mchezaji kuanza kona mapema, na mpangilio asiuguse. Akiugusa, akaupandisha hadi juu kwa kudhani anaondoa uzito, pikipiki itaanza kutikisika hata kwenye njia iliyonyooka, kila pumzi ya kidole itakuwa amri, itayumba kushoto, ataivuta kulia, itapitiliza, ataivuta tena. Mabaharia wetu walikuwa na jina la hali hiyo kabla ya injini kufika pwani: chombo kwenda mrama. Siku hizi tunalitumia kwa mipango na kwa ndoa, tumesahau kuwa lilikuwa neno la chombo kinachopigwa huku na huku majini. Katika mbio za pikipiki limerudi kazini kwake, likitakiwa.

Sasa mpe mchezaji huyohuyo neno "unyeti". Atafanya nini nalo? Nyeti kwa Waswahili ni kitu cha kuhadhari nacho. Kuna suala nyeti, ambalo halizungumzwi mbele ya wageni. Kuna nyaraka nyeti, ambazo hufungiwa kabatini. Kuna sehemu nyeti, ambazo sina haja ya kuzieleza. Maana inayounganisha yote ni: usiguse. Nasi tunalichukua neno ambalo moyo wake ni kukataza kuguswa, tunalibandika juu ya kitu ambacho kazi yake yote ni kuguswa! Niliposoma "ongeza unyeti wa usukani" nilicheka kwanza, kisha nikasikitika, kwa sababu najua lilivyopatikana. Mtu alifungua kamusi ya Kiingereza, akaona neno moja la Kiingereza lina maana tatu, akachukua ile ya siri na aibu akaipeleka kwenye mashine.

Neno la mashine lilikuwa karibu naye. Ni usikivu.

Angalieni upana wa kitenzi cha kusikia katika lugha hii. Tunasikia sauti, lakini pia tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu ya pilau kutoka nyumba ya tatu. Mtoto mkaidi hasikii, ingawa masikio yake ni mazima. Ugonjwa sugu hausikii dawa. Katika mfano huu wa mwisho hakuna sikio wala mtu, kuna kitu kilichopelekewa nguvu na kikakataa kuitikia, na hilo ndilo hasa tunalolitafuta. Redio nayo tunasema usikivu wake ni mzuri au hafifu katika eneo fulani. Usikivu basi ni kule kupokea na kuitikia, kwa mtu na kwa kisicho mtu. Mwambie kijana yeyote "ongeza usikivu wa usukani" na kidole chake kitajua pa kwenda kabla hajamaliza kusoma. Neno linakuja na ukoo wake mzima: usukani msikivu, usukani umezidi kusikia, breki ya mbele haisikii, punguza usikivu uingiapo mvua. Unyeti umekuja peke yake, bila ndugu wa kufaa. Jaribuni kuunda sentensi ya kulalamika kwa neno hilo: "pikipiki yangu si nyeti". Nani atalitamka hilo hadharani?

Nije kwenye "eneo mfu". Hili lina makosa mawili, na dogo ndilo la kisarufi, ingawa kwetu sisi si dogo. Shina la -fu ni la silabi moja kama -pya. Tunasema lugha mpya, lugha mfu, sawa. Lakini eneo si lugha. Tunasema eneo jipya, hivyo kwa kanuni ileile ingebidi tuseme eneo jifu, na hapo tumekwishafika jikoni kwenye majivu. Aliyeiandika "eneo mfu" ama alihisi hatari hiyo akaikwepa, ama hakuhisi kitu. Sijui ni lipi baya zaidi.

Kosa kubwa ni la maana. Mpangilio huu huandikwa kwa tarakimu, tuseme kuanzia 0 hadi 30. Mchezaji anaona "eneo mfu: 12". Kumi na mbili ya nini? Akipandisha hadi 20, kifo kimeongezeka au kimepungua? Na anayetaka pikipiki yake iache kujivuta kulia yenyewe, apandishe au ateremshe? Neno halimwambii. Anabahatisha, anaharibu, anarudi kwenye mipangilio ya kiwandani na kusema mchezo huu mbaya.

Kuna atakayenikumbusha maji mafu, na nampongeza kabla hajanikumbusha. Ni kweli, wavuvi wanasema maji mafu wakimaanisha siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo, kinyume cha bamvua. Basi ufu kwa maana ya uzembe wa mwendo umo katika lugha, na si wa kuazima. Naukubali mfano, na ningeutetea kama tusingekuwa na kilicho bora. Lakini maji mafu ni jina la majira. Huwezi kumwambia mvuvi aongeze ufu kidogo. Hapa tunataka jina la sifa inayopanda na kushuka, na sifa hiyo inatamkwa kila siku chini ya miembe ambako mafundi wa pikipiki na magari wamepanga spana zao. Fundi akishika usukani akautikisa kushoto na kulia, akaona magurudumu hayafuati mpaka amevuka kiasi fulani, husema: usukani umelegea. Au husema: usukani unacheza. Hicho ndicho kilichomo ndani ya mchezo, bila kuongeza wala kupunguza: ule mwendo wa mkono usiofika kwenye gurudumu. Tofauti pekee ni kwamba kwa fundi ni ubovu wa kukaza, na kwa mchezaji ni dawa ya kupima.

"Mchezo wa usukani" lingekuwa neno tamu sana, ila kuliweka ndani ya mchezo ni kutafuta fujo. Naliacha. Nimeona pia anayependekeza "uziwi", kwa hoja kwamba penye usikivu pana uziwi. Hoja ina mantiki, lakini uziwi ni hali ya watu wanaoishi nasi, wenye lugha yao ya alama, na sioni sababu ya kuwafanya mfano wa kijiti kibovu. Ulegevu unatosha. "Ulegevu: 0", usukani umekazwa, kila mtikisiko unahesabiwa. "Ulegevu: 20", umelegezwa sana, kidole kitasafiri kabla pikipiki haijajua. Neno na tarakimu vinakwenda upande mmoja. Aliye na padi ya kibandani iliyolika atajua kwamba alegeze kidogo, hatua kwa hatua, mpaka pikipiki iende wima kidole kikiwa kimeinuliwa, halafu asimame hapo. Mwenye padi mpya atakaza.

Kuhusu "ulinganyooko wa mwitikio" sitapoteza wino mwingi. Ni neno lililoundwa kwa gundi. Ninalotaka kulipinga ni imani iliyolizaa, kwamba kila jambo lenye jina la neno moja kwa Kiingereza lazima lipate neno moja kwa Kiswahili, hata kama ni la kuvunja ulimi. Nani aliitunga sheria hiyo? Jambo lenyewe ni kwamba pikipiki inaweza kusikia kidogo mwanzoni mwa msogeo wa kijiti na kusikia sana mwishoni, ili kwenye njia iliyonyooka mchezaji aweze kufanya masahihisho madogo bila kutikisika, na kwenye kona kali bado apate mlazo wote anaouhitaji. Andika "usikivu wa mwanzo". Akiushusha, mwanzo unatulia. Maneno matatu, yote ya kawaida, na kazi imekwisha. Vivyo hivyo kwa mpangilio wa kasi ya kulala, andika "kulaza pikipiki", kwa maana kitenzi chenye ku- ni nomino halali katika lugha yetu tangu zamani, hakihitaji kutengenezewa umbo la kizungu la sifa ili kipate heshima.

Nimekwishasikia majibu ya kambi mbili, na kila moja lina lake.

Kambi ya kwanza inasema maneno ya fundi na ya dereva wa bodaboda ni ya mitaani, na kwamba istilahi ni lazima itoke katika vyanzo safi. Hawa hupenda kutukumbusha kwamba mwacha asili ni mtumwa. Nawauliza: hiyo asili yenyewe ilitoka wapi kama si kwa Waarabu? Usukani pia ni wa huko. Breki, gia na klachi ni za Waingereza. Pikipiki ilijiita yenyewe kwa sauti ya injini yake. Bodaboda ilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa wabeba abiria wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Bajaji ni jina la kampuni ya Kihindi lililovaa irabu ya mwisho. Hakuna hata moja lililosubiri idhini, na hakuna atakayeling'oa. Sisemi kwamba mezani hapazaliwi kitu. Mtandao limefaulu, barua pepe limefaulu, na mipangilio yenyewe limefaulu. Lakini angalieni kwa nini. Mtandao limetoka katika kutanda, na aliyewahi kuona utando wa buibui hahitaji kamusi. Pepe linapeperuka kabla hujaambiwa maana yake. Tarakilishi, kwa kulinganisha, limekaa vitabuni na katika taarifa za habari, huku watu wakiendelea kununua kompyuta.

Kambi ya pili ni ya vijana, nao ni wapole zaidi kwangu kwa sababu hawajui kwamba ninagombana. Wao wanasema: acheni tu, sisi tumekwishazoea Kiingereza, tunajua "sensi" ni nini. Na kweli wanajua. Nikilazimishwa kuchagua kati ya "sensi" na "unyeti", nachagua "sensi" bila kusita, kwa sababu lina watu. Lakini waulizeni sensi ikizidi inakuwaje, na watawaonyesha kwa mikono. Hawana kitenzi chake, hawana kinyume chake, hawana namna ya kutofautisha pikipiki isiyosikia na pikipiki nzito, isipokuwa wanapokasirika na kurudi kwenye lugha ya nyumbani. Hapo, katikati ya hasira, istilahi sahihi huwatoka zenyewe. Mtafsiri angekuwa na busara ya kukaa kibandani jioni moja na daftari, angerudi na kazi nusu imekwisha, pamoja na matusi machache ya kuacha nje.

Na sisi washairi tunaingiaje? Tunaingia kwa sababu wengi wanaoandika orodha hizi ni wanafunzi wetu au mashabiki wetu, na wamejifunza kwetu kwamba neno lisilojulikana lina hadhi kuliko linalojulikana. Ni somo la uongo, na fani yetu wenyewe inalikanusha. Mizani ya shairi ni mizani ya sokoni. Kibwagizo kimetoka katika kubwaga, kile anachofanya mchukuzi akifika. Bahari za utungo zimekuja na jina la maji yenyewe, kama zilivyo katika arudhi ya Kiarabu. Mshororo ni safu ya vitu vilivyopangwa. Waliotuachia istilahi hizi waliangalia soko, mzigo na maji, wakachukua. Hawakumtafutia mwanafunzi neno la kumtisha kabla hajahesabu silabi ya kwanza.

Tena tunalo neno moja la kutoa, si kupokea tu. Michezo mingi ya simu, Traffic Rider ikiwamo, humruhusu mchezaji kuendesha pikipiki kwa kuinamisha simu yenyewe. Simu hupima mvuto wa dunia ili ijue imeinama upande gani. Shida ni kwamba lazima ijue kwanza "wima" ni wapi kwa mchezaji huyu: aliyeketi kitini huishika simu namna moja, aliyelala ubavu godoroni namna nyingine kabisa, na simu yake huamini kwamba pikipiki imelala kwenye kona isiyokwisha. Kuna michezo inayoweka kitufe cha kuweka sawa hali hiyo, nayo orodha imekiandikia "ukalibishaji". Jamani! Sisi tuna urari. Tunalitumia kila tunapopima kama ukwapi na utao vimelingana, na wahasibu wanalitumia kila wanapofunga vitabu, na maana yake ni ileile: pande mbili zimekutana na hakuna kilichozidi. "Weka urari" yatosha kwenye kitufe. Kama kuna anayeliona zito mno kwa mtoto wa miaka kumi, aandike "sawazisha", sitagombana naye. Nitagombana na ukalibishaji mpaka lifutwe.

Limebaki jambo moja ambalo nalileta kwenu bila jibu. Nimesema kwamba michezo mingi humfichia mchezaji ile kazi ya kusukuma mpini kinyume. Lakini si lazima iwe hivyo milele. Ikiwa mchezaji atapewa usukani wa kweli wa kushika kwa mikono miwili, na mchezo unaomtaka asukume kushoto ili alale kushoto huku gurudumu likigeukia kulia, tutahitaji jina la tendo hilo, na orodha imekwisharukia "uendeshaji kinzani", ambalo linanukia kesi ya mahakamani. Mimi naamini jina lipo majini. Katika mashua na ngalawa mwenye usukani hashiki gurudumu, anashika kana, na kana husukumwa kulia ili omo liende kushoto. Kinyume hiki washika kana wanaishi nacho tangu utotoni. Hata katika meli za Uingereza, mpaka miaka ya 1930 amri ilitajwa kwa upande wa kana na si kwa upande wa omo, ndipo ikageuzwa. Basi nawauliza wasomaji wa Lamu, wa Pemba, wa Kilwa na wa Mafia, hasa wale ambao baba zao au wao wenyewe wamewahi kushika kana usiku: nahodha akitaka chombo kiende kushoto, anamwambia mshika usukani nini? Anataja upande wa omo, au upande wa kana? Na lile tendo la kusukuma huku ili kwenda kule, mnaliitaje?